Barua ya wazi: wapangeni walimu wa mazoezi wawili wawili, na muwape saa ya kuzungumza

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Taasisi ya Elimu Tanzania. Wakuu wa vyuo vya ualimu. Na Maafisa Elimu wa mikoa ya Arusha na Kilimanjaro.

Waheshimiwa,

Ninafundisha darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali hapa Moshi, na msimu wa mazoezi ya kufundisha ukifika hupokea wanachuo wanaosomea ualimu wa watoto wadogo. Nawaandikia kwa jambo moja. Tunawalea walimu hawa kufanya kazi peke yao, na tunawazoesha kuandika kwamba kila kitu kimekwenda vizuri. Yote mawili yanaweza kubadilika bila kujenga hata chumba kimoja cha darasa, ndiyo maana nimeamua kuandika hadharani nisisubiri kikao.

Nianze na karatasi tunayoifahamu sote. Andalio la somo tulilolizoea lina hatua zake: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, tathmini. Chini kabisa kuna nafasi ya tathmini ya ujifunzaji, tathmini ya ufundishaji na maoni. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema tafakuri imesahauliwa. Ipo, na ina mstari wake. Shida ni kinachoandikwa pale. "Wanafunzi wengi wameelewa somo." "Lengo limefikiwa kwa asilimia 85." "Somo litaendelea kipindi kijacho." Nimezisoma sentensi hizo katika maandalio mengi mno, ya vijana wenye akili na bidii, na nyingine ziliandikwa usiku wa kuamkia somo lenyewe, kabla mtoto hata mmoja hajavuka mlango wa darasa.

Siwalaumu vijana hao. Mwanachuo anajua kwamba atakayesoma daftari lake ana kalamu na fomu ya alama mkononi. Akiandika, "Leo watoto wamenishinda, sikujua niwape nini wale waliomaliza mapema," atakuwa amejishtaki mwenyewe. Basi anaandika asilimia 85 na kulala salama. Anamaliza mazoezi, anafaulu, anaajiriwa, na mazoea hayo anahamia nayo kwenye darasa lake la kudumu, ambako atakaa na watoto wa miaka mitano kwa miongo mitatu.

Naomba niwape mfano mmoja kwa kirefu, maana bila mfano maneno haya yanabaki ya semina.

Kuna msimu ambao wanachuo wawili walijikuta kwenye darasa langu kwa bahati tu. Mmoja alikuwa amepangiwa shule nyingine, nafasi ikakosekana. Siku moja yule wa kwanza alifundisha kuhesabu 1 hadi 10 kwa kutumia vizibo vya soda. Darasa lilichangamka kwelikweli. Watoto waliimba namba huku wakipiga makofi, wakahesabu vizibo kwa sauti moja mpaka kumi, na mkaguzi yeyote ambaye angechungulia dirishani angesema somo limefana. Mwenzake hakuwa na kipindi saa ile. Nilimwomba akae mkekani na watoto watano wa kona ya hisabati, aandike tu anachokiona na kukisikia, bila kuweka neno zuri wala baya.

Watoto walipokwisha kunywa uji na kwenda nyumbani, tukakaa, naye akatusomea daftari lake. Mtoto wa kwanza alitaja moja mpaka kumi bila kukosea, ila kidole chake kilikuwa kimeshamaliza vizibo vyote wimbo ukiwa bado kwenye saba. Alipoambiwa, "Nipe vizibo vitano," alichota vilivyojaa kiganja akatoa. Mtoto wa pili alitoa vitatu, akachungulia kwa jirani yake, akaongeza viwili. Wa tatu alihesabu vizibo sita sawasawa, kimoja kimoja, lakini alipoulizwa, "Kwa hiyo viko vingapi?" akaanza upya: moja, mbili, tatu.

Wanaosoma ukuaji wa watoto wanaijua hali hii. Kutaja namba kwa mpangilio ni jambo moja; kujua kwamba namba uliyoishia ndiyo idadi ya vitu vyote ni jambo jingine, na mtoto anaweza kukaa miezi mingi katikati ya hayo mawili. Yule mwanachuo alikuwa amelisoma hilo chuoni, na swali lake kwenye mtihani angelijibu vizuri. Lakini ukiwa mbele ya watoto 60, unaongoza wimbo, jicho moja liko kwa mtoto anayetaka kutoka nje na jingine kwa aliyetia kizibo mdomoni, hulioni. Mwenzake aliliona kwa sababu alikuwa amekaa chini, na kazi yake ilikuwa kutazama tu.

Binti aliyefundisha alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Sasa mwenzangu, hao wengine ambao hukuwaandika, je?" Sijasikia swali la maana kuliko hilo kwa mwalimu wa mazoezi, na halikutoka kwangu wala kwa mkufunzi wa chuo. Pale pale wakapanga siku inayofuata isiwe na wimbo wa namba kabisa. Wakafungua duka kwenye kona ya maigizo ya nyumbani: mwenye duka auze ndizi nne za maboksi, mteja ahakikishe amepewa nne. Mmoja aliongoza, mwingine akaandika, kisha wakabadilishana. Kufikia mwisho wa juma walikuwa na orodha ya watoto iliyoonyesha nani arudishwe kwenye mbili na tatu kwa vitu vya kushika, na nani ameshaanza kujumlisha kichwani. Maandalio ya juma lile hayakuwa na asilimia. Yalikuwa na majina ya watoto na yale waliyoyasema.

Ninachokiomba kwenu ni kwamba jambo lililotokea kwa bahati liwe utaratibu.

Wala si jambo geni duniani. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alifundisha tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba fikra ya kweli huanza pale mtu anapokwama, na msomi mwingine wa Marekani, Donald Schön, mwaka 1983 akatofautisha kutafakari ukiwa katikati ya kazi na kutafakari baada ya kazi kwisha. Walimu wa shule za msingi za Japani, kwa zaidi ya miaka 100 sasa, hupanga somo pamoja, mmoja akalifundisha huku wenzake wakiwatazama watoto, halafu wote wakakaa kulichambua. Na katika mji wa Reggio Emilia, Italia, ambako Loris Malaguzzi, mwalimu aliyeongoza shule za watoto wadogo za mji huo, alifanya kazi hadi alipofariki mwaka 1994, darasa la watoto wadogo lina walimu wawili wenye hadhi sawa, na maneno ya watoto huandikwa na kujadiliwa na walimu kama kazi rasmi.

Najua nikitaja Italia kuna atakayesema wale wana fedha. Basi ifahamike walivyoanza. Mwaka 1945, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha, wanakijiji wa Villa Cella karibu na mji huo waliuza kifaru cha kivita, malori na farasi vilivyoachwa na jeshi la Ujerumani, wakatumia fedha ile kujenga shule ya watoto wao kwa mikono yao. Wazazi wa Kibosho na Uru, hapa Kilimanjaro, waliochangia matofali na siku za msaragambo, yaani kazi za pamoja za kijiji, kwa ajili ya shule za vijiji vyao hawahitaji kuelezwa hilo maana yake nini.

Turudi nyumbani. Serikali ilipofuta ada kuanzia Januari 2016, wazazi waliitikia, na madarasa ya awali yakajaa. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Shule nyingi za mijini, hapa Moshi na kule Arusha, zinazidi mara mbili, na nyingine mara tatu. Nakiri kwamba wanachuo wawili hawaondoi msongamano huo. Lakini ni hali hiyo hiyo inayofanya jicho la pili kuwa la lazima. Darasa la watoto 25 mwalimu makini anaweza kulisoma peke yake; la watoto 70 hawezi, awe na shahada au asiwe nayo.

Kuna upweke mwingine ambao wakubwa hawauoni kwa urahisi. Mwalimu wa awali mara nyingi yuko mmoja tu shuleni. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, umeleta jumuiya za kujifunza katika shule zetu, na mimi ni miongoni mwa walioupokea kwa furaha, kwa sababu umekubali kwamba mwalimu hujifunza kazini, kwa mwenzake. Lakini nikikaa katika jumuiya ya shule, mada ni sehemu na desimali za darasa la tano, au utungaji wa maswali ya mtihani wa darasa la saba. Wenzangu wananisikiliza kwa heshima ninapoeleza kwamba kuna mtoto haongei darasani ila kwenye mchezo nje anaongea Kimaasai bila kukoma, lakini hawana cha kunijibu. Si darasa lao. Mwanachuo anayekuja kwangu anaukuta upweke huo na kujifunza kwamba ndivyo kazi ilivyo.

Dawa yake iko ngazi ya kata. Afisa Elimu Kata akiruhusu walimu wa awali wa kata nzima wakutane mara moja kwa mwezi katika darasa la mmoja wao, pamoja na wanachuo waliopo msimu huo, na michoro ya watoto ikiwa mezani, hiyo ni jumuiya ya kujifunza iliyokamilika. Nauli ya bodaboda au kifodi ndani ya kata si fedha ya kuombea mradi.

Sasa kuhusu muda, kwa sababu najua ndilo jibu litakalokuja kwanza. Watoto wa awali huondoka mapema kuliko madarasa mengine. Saa ya kuzungumza, kwa hiyo, tayari ipo. Huwa tu inachukuliwa. Mwalimu wa awali akionekana hana watoto mchana anapewa vipindi vya darasa la tatu, au anaombwa asimamie jaribio la darasa la nne. Mwanachuo naye akifika, shule huchukulia kwamba sasa darasa la awali lina mtu, na mwalimu mwenye darasa anahamishiwa juu moja kwa moja. Nimeona hili katika shule zaidi ya moja, na linafanywa na wakuu wa shule wenye nia njema kabisa ambao wana upungufu wa walimu kweli. Matokeo yake ni kwamba kijana wa miaka 21 anaachiwa watoto 70 na mtu wa kumwuliza hayupo. TAMISEMI ikitoa maelekezo ya maandishi kwamba mwalimu mlezi wa mwanachuo wa awali habanduki darasani kwake kipindi chote cha mazoezi, na kwamba saa moja kwa juma baada ya watoto kuondoka haiguswi, wakuu wa shule watakuwa na karatasi ya kujitetea nayo. Wengi wao wangeshukuru.

Kuhusu wakufunzi. Wanafanya kazi ngumu. Nimewaona wakitoka shule moja kwenda nyingine kwa siku moja, Himo hadi Marangu, wakifika wamechoka na fomu zimejaa mkobani. Lakini ziara ya mkufunzi imekuwa siku ya maonesho. Zana mpya zinabandikwa ukutani asubuhi ile ile, na kuna darasa ambalo watoto waliambiwa tangu jana yake nani atanyoosha mkono na atajibu nini. Mtoto wa miaka mitano anayefundishwa kuigiza kwamba ameelewa ameonewa, na mwalimu anayemfundisha hivyo ameonewa pia, kwa sababu mfumo haukumwachia njia nyingine ya kufaulu.

Naomba ziara moja katika kila msimu isiwe na alama. Mkufunzi afike, akae chini na wanachuo wawili na mwalimu mlezi, waulizane watoto walifanya nini juma lile na watafanya nini juma lijalo, basi. Fomu ya alama ibaki kwa ziara nyingine. Na daftari la mazungumzo liwe mali ya mwanachuo: achague mwenyewe kurasa za kumwonyesha mkufunzi, na Mthibiti Ubora wa Shule asilidai kama nyaraka ya ukaguzi. Siku daftari hilo likipata mhuri, asilimia 85 itarudi.

Yapo mambo mawili ambayo nimejifunza kuyachunga katika mazungumzo haya, na ningependa yaingie katika mwongozo wowote mtakaouandika.

La kwanza linatokana na heshima yetu wenyewe. Kijana wa Kichaga au wa Kimeru aliyelelewa vizuri hamsahihishi mtu mzima. Ananiamkia, anainama kidogo, na nikishatoa maoni yangu kuhusu somo yeye anasema, "Ni kweli, Mwalimu," na kikao kimekwisha. Kwa hiyo mimi husema mwisho. Anaanza aliyefundisha, anafuata aliyeandika, kisha mimi, na mkufunzi akiwepo anasubiri zamu yake baada yangu. Si kuvunja adabu. Ni kuwapa vijana nafasi ya kufikiri kabla mkubwa hajafunga mjadala. Mwongozo ukilitamka wazi, hakuna kijana atakayeonekana mkorofi kwa kutangulia kusema.

La pili ni jinsi tunavyowataja watoto. Kikao cha walimu kikikosa mpaka kinageuka haraka kuwa cha kuwasema watoto na wazazi wao: huyu mzito, yule mama yake hajali. Sheria tunayoifuata kwangu ni kuanza na kitu kilichoonekana au kusikika: alishika nini, alisema neno gani, alimwangalia nani. Ukisema "mzito", mjadala umefika ukutani. Ukisema "alihesabu sita, halafu akaanza tena," kesho una la kufanya. Siombi picha wala video za watoto zisambazwe kwenye makundi ya WhatsApp kwa kisingizio cha tafakuri. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mtoto ana heshima yake. Kalamu na daftari la kurasa mia moja vinatosha.

Pendekezo langu lina gharama yake, na sitaificha. Wanachuo wakipangwa wawili wawili, idadi ya shule zinazopata mwalimu wa mazoezi itapungua. Shule za pembezoni, Longido, Ngorongoro, sehemu za Same, ambazo husubiri msimu huu ili zipate walau mtu wa kushika darasa, zitaumia kwanza. Lakini tujiulize kama kumtuma binti mmoja peke yake mahali asipojua lugha ya watoto, hana mwenyeji, na mkufunzi atamfikia mara moja tu ikiwezekana, ni kumsomesha au ni kuziba pengo. Pengo la walimu lizibwe kwa ajira. Mwanachuo amekuja kujifunza. Tena wakiwa wawili wanagawana kodi ya chumba, wanapika pamoja, na mazungumzo ya darasani yanaendelea jioni bila mtu kuyapangia ratiba. Huko pembezoni ndiko ningeanza kuwapeleka wawili, kabla ya hapa mjini.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unataka mtoto wa awali ajifunze kwa michezo na vitendo, na Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 imeahidi mengi kwa watoto hawa. Naziamini nyaraka zote mbili. Lakini hakuna mtaala unaofika kwa mtoto bila kupita kwa mwalimu wake, na mwalimu aliyefunzwa kuficha asichokijua atauficha mtaala nao, kwa fomu zilizojazwa vizuri.

Ninachopendekeza ni kwamba vyuo vya ualimu vya mikoa hii miwili vijaribu katika msimu mmoja tu wa mazoezi: wanachuo wote wa elimu ya awali wapangwe wawili wawili, mwalimu mlezi abaki darasani, saa moja ya kila juma ilindwe, na ziara moja ya mkufunzi iwe haina alama. Taasisi ya Elimu Tanzania itume mtu akae katika baadhi ya vikao asikilize. Msimu ukiisha, waulizwe wanachuo, walimu walezi na wakufunzi, kisha muamue.

Mkuu wangu wa shule ameridhia darasa letu litumike. Naomba jibu kabla barua za kuwapangia wanachuo shule za msimu ujao hazijatoka, kwa kuwa zikishatoka huwa ni vigumu kuzibadilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa darasa la awali,
Moshi